Rejimenti ya Karani Symphorien

Kalembe, pale njia ya Masisi inapokutana na njia ya Walikale, kulikuwa na ubao uliolazwa juu ya mawe mawili mbele ya jiko la Mama Libérata. Ubao huo ulitoka kwenye sanduku la mashine ya kukoboa kahawa. Mwaka ule wa 1951, watu watatu walikaa juu yake kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, wakiipanga dunia upya kabla haijaamka kuwapinga. Na kahawa ilikuwa yetu kweli: tuliipanda sisi, tukaichuma sisi, tukaianika sisi, tukaibeba sisi, kisha Ulaya ikachagua punje zake, na Mama Libérata akatukaangia zile ambazo Ulaya ilizikataa. Tuliinywa kwa shukrani.

Wa kwanza ubaoni alikuwa Nzabandora, jina lake la kijiweni Asosa. Alikwenda vita vya Abisinia, hadi mji wa Asosa, na jeshi la Force Publique, akarudi na medali moja na hadithi arobaini. Wenye wivu walisema alikuwa mpishi. Yeye alisema jeshi bila mpishi ni msafara wa mazishi. Wa pili alikuwa Evode, katekista, aliyeitwa Gazeti kwa sababu alisoma kila karatasi iliyopita misheni, hata ile iliyofungia sabuni. Wa tatu alikuwa Théogène, dereva wa kamio. Siku moja aliushuka mlima wa Mushaki bila breki akafika Sake akiwa hai, na tangu siku hiyo akaitwa Bila-Freni na kujiona mtaalamu wa kila kitu kinachoanguka.

Asubuhi hiyo walikuwa na kazi. Symphorien, karani wa shamba la kahawa, alikuwa amekaa katikati yao na tai ya kuazima, akisubiri kamio la Masisi. Kesho yake alitakiwa kusimama mbele ya komisio, ombi lake la karte lijadiliwe. Karte hiyo, ya mérite civique, yaani ya raia mwema, ni karatasi ambayo Leta, serikali ya Wabelgiji, ilimpa mweusi baada ya kukagua nyumba yake, choo chake, uma zake na moyo wake. Mwenye karte hachapwi fimbo. Faida nyingine zilikuwepo, lakini Symphorien aliitaka hiyo moja.

Sababu yake tuliijua wote. Mwaka uliotangulia, mvua ilishuka ghafla ikalowesha kahawa iliyoanikwa. Muzungu wa shamba hakuweza kuichapa mvua, akamlaza chini karani. Fimbo nane, mbele ya Céline, binti yake, aliyekuwa amemletea baba chakula. Tangu siku hiyo Céline alikuwa akifika shambani anaweka chakula juu ya jiwe, mbali, kisha anarudi bila kuinua macho. Symphorien aliandika barua kwa Leta, kwa Kifaransa kizuri, akiomba kustaarabishwa rasmi.

Nyumba ilikwisha kukaguliwa, ikapita. Mkewe, Emérita, alikula wali kwa uma mbele ya wageni, punje kwa punje, kama kuku mgonjwa, na wageni wakaandika kwamba ni mzuri. Lilibaki swali. Mkubwa wa komisio alikuwa muzungu mgeni aliyetoka katika mji mdogo wa Ubelgiji, kule kwenye misitu ya baridi, na mji huo uliokolewa na rejimenti moja ya Wamarekani wanaoruka na parashuti. Kila mwombaji alimwuliza swali lile lile: nani aliuokoa mji wangu? Mwezi uliopita muuguzi mmoja wa Nyamitaba, mwenye viatu vinavyong'aa na choo chenye mfuniko, alijibu kwamba ni Yesu Kristo. Kwa padri lingekuwa jibu zuri. Muuguzi alirudi nyumbani bila karte.

Basi kijiwe kilijitolea kumfundisha karani historia ya rejimenti. Evode alikuwa na kurasa nne za gazeti la Kifaransa zilizofungia mishumaa ya altare: ya kumi na moja, ya kumi na mbili, ya kumi na saba na ya ishirini. Zilizokosekana hazikumtisha mtu. Pale palipokosekana karatasi, palikuwa na Asosa.

Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba askari hawa, kabla ya vita, walikuwa wakikimbizwa mlimani na kushuka kila siku, na aliyechoka alirudishwa kwao. Hilo halikumshangaza mtu wa Masisi. Mama Libérata alisema, bila kuinua macho kwenye moto, kwamba kama kupanda mlima na kushuka ndiko kunampa mtu rejimenti, basi wanawake wa Kalembe wangekuwa na majenerali watano, na kila mmoja na mtungi wake kichwani.

Kisha ikaja picha: wanaume wamepangwa kando ya ndege, mizigo kifuani, mizigo mgongoni, mizigo miguuni. Asosa aliitazama kwa muda mrefu.

— Hii picha iko ya uongo, alisema. Mizigo yote hii, na hakuna muntu mweusi chini yake?

— Walibeba wenyewe, Papa, alisema Evode.

— Wazungu?

— Wazungu.

— Basi njo sababu waliruka. Walikuwa wanatafuta fasi ya kuitupa.

Bila-Freni hakukubali. Yeye alieleza kwamba ndege haina breki, kila mtu wa kazi ya usukani anajua. Rubani anaona bahari imekwisha, msitu unakuja, anawaambia waliomo: kila mtu na Mungu wake. Wanaruka. Baadaye wakubwa wanaandika kwamba ilikuwa mpango.

Symphorien alikuwa akiandika yote. Kalamu yake ilisimama.

— Sasa niandike nini? Waliruka juu ya mpango ao juu ya breki?

— Andika mpango, alisema Bila-Freni. Leta haipendi mambo ya breki.

Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa mgumu zaidi. Walishuka Ufaransa, usiku, mwezi wa sita wa mwaka 1944. Mawingu na risasi vilizitawanya ndege. Huyu akaanguka kwenye mti, huyu kwenye zizi, wengi kwenye mabonde ambayo Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wameyajaza maji kwa makusudi, wakazama na mizigo yao kabla ya kumwona adui. Waliobaki walitafutana gizani kwa kidude kidogo cha chuma kinacholia kama nyenze. Ukisikia mlio mmoja, unajibu miwili.

— Na nyenze yenyewe ikilia? aliuliza Asosa.

— Unaisalimia, alisema Bila-Freni.

Asosa alisema kwamba Wadachi walipaswa kushinda usiku ule ule, kwa kuwa wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Evode akamkumbusha kwamba Wadachi walishindwa. Asosa alifikiri kidogo, akasema kwamba methali ilikuwa nzuri, ila Wadachi waliisoma kwa Kijerumani.

Hapo polisi wa chefu alitokea kwenye kona. Mgeni wa sehemu hizi anafaa kujua jambo moja. Mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1944, msituni upande wa Walikale, watu wakiwa wanalazimishwa kugema mpira wa porini kwa ajili ya vita, habari ilitembea kwamba Wamarekani wanakuja kutukomboa. Wamarekani hawakuja. Walikuja askari wa Leta. Waliosema maneno hayo walipelekwa kambi za mbali, na tangu hapo neno Wamarekani halikusemwa barabarani. Karani alikuwa anajiandaa kulisema mbele ya Leta, kwa tai, lakini ubaoni tulilitamka kama watu wanaokula cha wizi.

Evode alikuwa katikati ya sentensi. Alikuwa amesema walishuka usiku, wakatawanyika, wengine wakafa maji.

— Wale ngombe, alimalizia Bila-Freni, akinyanyua kikombe.

Polisi alisimama.

— Ngombe gani?

— Za Nyamitaba, Papa polisi.

— Zilishuka toka wapi?

— Toka juu.

— Ngapi?

Evode, ambaye kwa kazi yake haruhusiwi kusema uongo, aliangalia ukurasa.

— Elfu mbili na kidogo.

Polisi alitutazama mmoja mmoja, akakaza mkanda, akaelekea haraka upande wa Nyamitaba. Hatukumwona tena hadi Jumatano.

Katikati ya ukurasa wa kumi na mbili na wa kumi na saba rejimenti ilikuwa imerudi Uingereza, imepumzika, imeruka tena Uholanzi mchana kweupe, na imepigania madaraja miezi miwili kwenye matope. Tulijua hivyo kwa sababu ukurasa wa kumi na saba ulianza kwa kulalamika juu ya madaraja. Asosa alijaza mengine. Kwa maelezo yake, Uholanzi ni nchi iliyo chini ya bahari, kwa hiyo askari waliruka wakaendelea kushuka, na mpaka leo wengine hawajafika.

Kisha Evode akasoma jambo lililomfanya Bila-Freni asimame wima. Mwezi wa kumi na mbili, Wadachi walipoingia tena Ubelgiji kwa nguvu, rejimenti haikuruka. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na wakati haukuwepo. Askari walipakiwa kwenye makamio usiku, wamesimama, wamebanana, wakapelekwa kwenye huo mji wa misitu.

— Rudia, alisema Bila-Freni.

Evode alirudia.

— Basi Ubelgiji iliokolewa na ma-chauffeur.

Hakuna aliyeweza kumkalisha. Alichukua karatasi, akaipeleka kwenye mwanga. Palikuwa na picha ya kamio, na nyuma ya usukani sura ya mtu.

— Angalieni huyu. Huyu aiko muzungu.

— Iko kivuli, alisema Evode.

— Kivuli ya pua kama hii?

— Ao matope.

— Gazeti, mimi nimekamata usukani miaka kumi na mbili. Najua sura ya muntu anayeendesha usiku na wenye wanalala nyuma iko wazungu. Huyu iko mweusi. Mwamerika mweusi.

Mama Libérata aliacha kuchochea moto. Hilo ndilo lilikuwa neno lenyewe, lile la mwaka wa arobaini na nne: kwamba watakuja, na kwamba watafanana na sisi. Evode aliikunja karatasi polepole. Symphorien alisema hilo hataliandika. Tulimwelewa, tukanywa kahawa.

Ukurasa wa ishirini ulikuwa na theluji. Asosa aliifananisha na ile inayoonekana siku moja moja juu ya mlima wa Karisimbi, ila hii ilishuka mpaka kwenye shingo ya mtu. Askari walichimba mashimo kwenye msitu, wakakaa humo bila makoti ya baridi, magunia yamefungwa miguuni, na Wadachi wamewazunguka pande zote. Chakula na risasi viliangushwa na ndege kwa parashuti za rangi. Mkubwa wa komisio mwenyewe, alivyosikia Symphorien kutoka kwa boi wa muzungu huyo, wakati huo alikuwa kijana, amejificha chini ya nyumba na bibi yake, wanakula viazi vibichi, wanasikiliza juu ya vichwa vyao buti za nani zinapita.

Karani, mtoto wa wawindaji wa nyavu, alishindwa kuelewa.

— Kwetu ku Walikale, alisema, munyama akizungukwa pande zote, jioni tunamugawana. Hawa walizungukwa, hawakutoka, halafu njo walishinda. Niseme nini wakiniuliza namna gani?

Asosa alisema Wadachi walizunguka vibaya: waliangalia nje, migongo ndani, kwa kuwa walimwogopa mkubwa wao kuliko adui. Evode alisema ilikuwa Noeli, na Noeli malaika hufanya kazi mara mbili. Bila-Freni alisema Wadachi waliishiwa mafuta ya magari. Hii ilikuwa hoja pekee ya asubuhi hiyo iliyokaribia ukweli, kwa hiyo tuliikataa kwa kauli moja.

Mwishoni ukurasa ulihesabu waliobaki. Walioingia msituni na waliotoka hawakuwa watu wale wale. Evode alisoma hivyo kwa sauti ya ibada, na kwa mara ya kwanza hata Asosa alivua kofia. Alisema kule Abisinia pia walizika watu kwenye njia, na mawe hayakuwa na majina. Hakuongeza chumvi. Ilikuwa hadithi yake ya arobaini na moja, na ilikuwa fupi kuliko zote.

Jua lilikuwa limekwisha kuchoma ukungu. Tulikubaliana karani afanye mazoezi. Asosa alijifanya mkubwa wa komisio: alinyoosha mgongo, akaweka kijiko cha Mama Libérata sikioni kama kalamu, akasafisha koo kama mtu anayelipwa kwa kusafisha koo.

— Wewe Symphorien. Nani aliokoa muji yangu?

Symphorien alisimama. Alifunga macho. Kesho angesema kwa Kifaransa, lakini kwetu alisema kwa lugha ya nyumbani, taratibu, kila neno likiwa limepigwa pasi.

— Mu mwaka ya elfu moja mia tisa arobaini na ine, Wamarekani walishuka toka juu, wakakomboa watu wenye walikuwa wanateswa.

Tulipogeuka kumsifu, tulimwona mwanamke amesimama nyuma yetu, kitunga mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Alikuwa Pétronille, shemeji wa Symphorien, mke wa kaka yake mkubwa, Michel. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka msituni, akimletea shemeji yake nyama ya kukaushwa ili aende kwenye komisio na nguvu. Michel mwenyewe alichukuliwa mwezi wa tatu wa 1944. Kwenye karatasi yake ya kesi waliandika kosa moja tu: alitangaza kwamba Wamarekani watashuka kukomboa watu. Miaka saba ilikuwa imepita, na hata barua moja haijarudi.

Pétronille hakushusha kitunga.

— Nani anakutuma useme hayo maneno, shemeji?

— Leta.

— Leta yenyewe?

— Yenyewe, mama. Nikiyasema muzuri, wananipa karte.

Alishusha kitunga sasa, akakaa chini, si ubaoni. Mama Libérata alimpa kahawa. Pétronille alimwuliza Evode kama maneno hayo yako kwenye kitabu kweli, na Evode akamwonyesha kurasa nne. Hakujua kusoma, lakini alizipitisha mkononi moja moja, akakawia kwenye ile ya kamio.

— Ilikuwa mwaka gani, Papa katekista?

— Arobaini na ine.

— Ule ule?

— Ule ule.

— Walishuka kweli?

— Walishuka, mama.

— Wakakomboa watu?

— Wakakomboa.

Alizipanga karatasi vizuri kwanza, akamrudishia.

— Sasa Michel alikosea nini?

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Tulimtazama Asosa, kwa kuwa ndiye mwenye medali.

— Alisema mbele ya saa, alijaribu Asosa. Yeye alisema mwezi ya tatu. Wenyewe walishuka mwezi ya sita.

— Miezi mitatu, alisema Pétronille. Na yeye wamemuweka miaka saba.

— Alikosea fasi, alisema Bila-Freni, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. Alisema watashuka huku.

— Muntu akikosea fasi, anaonyeshwa fasi.

Evode aliangalia ukurasa wa kumi na mbili, akaangalia wa ishirini, akaangalia nafasi iliyokuwa katikati yao.

Kamio la Masisi lililia kwenye kona. Symphorien aliokota koti lake, akakunja karatasi alizoandika asubuhi nzima, akazitia mfukoni. Akamwambia Pétronille aende nyumbani, Emérita anamngoja, na Céline amekua. Akachukua nyama. Alipoweka mguu kwenye gurudumu, Asosa alimshika mkono.

— Karani. Kesho utajibu nini?

— Nitajibu vile mulinifundisha.

Tulipumua.

— Halafu na miye nitauliza ile ya shemeji.

Bila-Freni alimwambia, kwa upole ambao hatukuuzoea, kwamba mtu hamwulizi muzungu swali siku ya karte. Evode alimwambia asubiri, apate karatasi kwanza, aulize mwaka ujao. Symphorien alisikiliza wote, kama kawaida yake ya kusikiliza, kisha akapanda juu ya magunia, akakaa, akanyoosha tai ya watu.

— Hawatakupa, alisema Asosa. Na fimbo?

— Fimbo naijua tayari, Papa. Jibu njo sijasikia.

Dereva akawasha injini. Kamio likapanda kilima cha kwanza polepole, na Pétronille, aliyekuwa bado amekaa chini, alisimama ili aendelee kuliona.